Damu kwa Niaba ya Waziri

Nchi ya Mwakani haimo katika ramani, na msomaji atakayeitafuta akaikosa asinilaumu mimi. Wenyeji wanasema ramani yao ilikamilika siku nyingi, inasubiri tu mgeni rasmi wa kuizindua. Ni nchi ya amani, yenye mito, milima na majukwaa, na watu wake ni wavumilivu ajabu, kwa sababu wamefundishwa tangu utotoni kuketi juani wakimsubiri mtu ambaye hatakuja.

Hatakuja kwa sababu huko Mwakani mkubwa haendi mahali mwenyewe. Kwenda mwenyewe ni ushamba. Mkubwa hualikwa, hukubali, hushukuru kwa heshima aliyopewa, kisha hutuma mtu. Aliyetumwa naye, kama ana mtu chini yake, hutuma mtu. Shughuli hushuka hivyo ngazi kwa ngazi mpaka imfikie yule asiye na wa kumtuma, na katika Wizara ya Afya na Mapokezi mtu huyo aliitwa Sadoki Mbwilo.

Sadoki alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye suti mbili na sauti nzito ya kusomea hotuba. Cheo chake kilikuwa Afisa Mwakilishi Daraja la Pili, na kazi yake ilikuwa kuwa Waziri mahali Waziri asipokuwepo, yaani kila mahali. Amekula pilau za harusi kwa niaba ya Waziri. Amelia misibani kwa niaba ya Waziri, tena kwa kwikwi. Kila alfajiri ya Jumatatu alisimama mbele ya mlango wa Mheshimiwa Ludoviki Shangwe, Waziri mwenyewe, akatoa taarifa kupitia tundu la ufunguo.

"Mheshimiwa, Jumamosi ulilia sana."

"Vizuri," sauti ilijibu kutoka ndani. "Lakini wiki hii nipunguze. Watu watasema nina moyo mwepesi."

Mpango huu ulilindwa na Sheria ya Uwakilishi, fahari ya bunge la Mwakani, ambayo watoto huikariri shuleni kabla hawajajua kuhesabu: alilolitenda mwakilishi amelitenda aliyemtuma, na lililompata mwakilishi akiwa kazini limempata aliyemtuma. Wageni husema sheria hiyo ina kasoro. Wanakosea. Ilifanya kazi vizuri hata siku ile Bwana Kalimanzila, aliyekuwa akimwakilisha Waziri wa Mifugo kwenye uzinduzi wa machinjio, alipong'atwa na mbwa mwenye kichaa. Waziri wa Mifugo alidungwa sindano zote za kuzuia kichaa cha mbwa, akalalamika mkono unamuuma, akapewa likizo. Kalimanzila alirudi ofisini na bendeji mguuni. Baada ya wiki chache alianza kuogopa maji, na mazishi yake yalihudhuriwa na wawakilishi wa ngazi ya juu kabisa.

Sadoki alisoma salamu za rambirambi siku hiyo, kwa sauti yake nzito. Hakupata usingizi kwa siku kadhaa, lakini hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuwa ametumwa kukosa usingizi.

Basi ukaingia mwaka ambao Wizara ilitangaza Wiki ya Ini ya Taifa. Watu wazima wote wa Mwakani wangepimwa homa ya ini, na wa kwanza kutoboa kidole angekuwa Mheshimiwa Waziri, ili kuwatoa wananchi hofu. Katibu Mkuu wa Wizara, Mama Eufrasia, mwanamke mnene asiyepandisha sauti, alimwita Sadoki ofisini kwake.

"Kesho Mheshimiwa anapima ini," alisema.

"Ni jambo jema, Mama."

"Anapima saa nne kamili. Uwe umenyoa."

Sadoki alihisi jasho jembamba likimtoka. Hapa lazima nieleze jambo moja. Sadoki alikuwa na kaka, Yeremia, mtoto wa kwanza wa mama yao, na Yeremia alikufa macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji kama la mjamzito. Daktari alisema ni homa ya ini, aina ya B. Alisema pia kwamba virusi hivyo mama anaweza kumpa mtoto siku ya kuzaliwa, vikakaa kimya mwilini miaka na miaka vikilitafuna ini taratibu, na kwamba waliozaliwa na mama yule wote wakapime. Sadoki aliitikia kwa kichwa, akazika, akaondoka. Tangu siku hiyo mke wake alimwomba kila mwaka akapime, na kila mwaka alikuwa na msiba wa kumlilia mtu mwingine.

"Mama," alisema, "mimi na sindano hatuelewani."

"Mheshimiwa haogopi sindano," alijibu Mama Eufrasia. "Kwa hiyo na wewe kesho huogopi."

"Na majibu yakija?"

"Majibu ya Mheshimiwa ni mazuri. Yamo kwenye hotuba, aya ya tatu."

Hapo Sadoki akapata faraja ambayo hakuitarajia. Alitembea kurudi nyumbani akiwaza kwamba huu ulikuwa mwanya wa ajabu. Kidole ambacho kingetobolewa kingekuwa chake, lakini damu ingekuwa ya Waziri. Angekuwa amepima, na wakati huohuo hajapima. Alimwambia mke wake, Tusekile, habari hiyo kana kwamba amepandishwa cheo.

Tusekile alikuwa mwalimu wa chekechea. Kazi hiyo humzoeza mtu kuuliza maswali mafupi na kusubiri majibu.

"Damu itatoka kwa nani?" aliuliza.

"Kisheria, kwa Mheshimiwa."

"Na atakayesema ai ni nani?"

Sadoki akajifanya anatafuta soksi.

Uwanja wa Hospitali ya Itifaki ulipambwa kwa vitambaa vilivyoandikwa INI LANGU, TAIFA LANGU. Vikundi vitatu vya ngoma vilicheza. Sadoki, ndani ya suti yake nzuri zaidi, alisoma hotuba ya Waziri bila kukosea.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Ini ni kiungo. Serikali yenu inalitambua ini, na itaendelea kulitambua. Walikuwepo watu waliosema nchi hii haina maini. Leo wamenyamaza. Nawaagiza wataalamu wote kuhakikisha kwamba hadi kufikia mwisho wa mwezi kila mwananchi awe na ini lake, na asiyekuwa nalo atoe maelezo. Mimi mwenyewe, kama mnavyoniona, nimekuja."

Watu wakapiga makofi, kwa maana hapo ndipo palipoandikwa makofi.

Mtaalamu wa maabara, Bi Siwema, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamketisha mezani mbele ya umati. Alimsafisha kidole, akamtoboa, akachukua tone la damu na kulidondosha kwenye kibao kidogo cha plastiki chenye kidirisha. Alimweleza kwa sauti ya chini, kama alivyowaeleza wote: ukitokea mstari mmoja kipimo kimefanya kazi na virusi havipo, ikitokea miwili virusi vipo. Robo saa ya kusubiri ilijazwa na ngoma. Sadoki alikitazama kidirisha. Mstari wa kwanza ulikuja upesi, mwekundu, safi. Akashusha pumzi.

Kisha wa pili ukaanza kujichora, mwembamba, taratibu, mtu angeweza kudhani ni macho yake. Sadoki alifumba macho akafumbua. Ulikuwepo bado, na ulikuwa umekolea. Alimtazama Bi Siwema, naye Bi Siwema alikuwa akiutazama mstari huohuo.

Mshereheshaji hakuwa na muda wa kuelezwa mambo. Alikipora kibao mezani, akakiinua juu.

"Mistari miwili!" alitangaza. "Wengine watapata mmoja, Mheshimiwa Waziri amepata miwili!"

Uwanja ukaripuka kwa vigelegele. Kina mama walitandika khanga njiani. Bendi ikapiga wimbo wa taifa kwa kasi ya chakacha. Mkuu wa Mkoa, aliyepimwa wa pili kwa itifaki na kupata mstari mmoja, alinuna, akamuuliza Bi Siwema kwa nini watu wa mikoani wanapunjwa siku zote. Wazee wa heshima walirudi kwenye foleni wakiomba kuongezewa. Katikati ya furaha hiyo Sadoki alisimama na tabasamu la Waziri usoni, akipunga mkono wa Waziri, huku magoti yake mwenyewe yakigongana. Alikuwa akimwona Yeremia akijaribu kuvaa suruali isiyofunga.

Viti vilipokunjwa alimfuata Bi Siwema hadi chumba cha maabara, akafunga mlango.

"Niambie," alisema.

"Siwezi."

"Dada, nimeuona mstari."

"Umeona wa mtu mwingine." Bi Siwema alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Majibu ya mgonjwa ni siri yake. Mgonjwa ni Mheshimiwa. Nikikupa wewe habari za ini la Waziri, kesho mimi sipo."

"Basi nieleze mimi kama mwakilishi wake."

"Uwakilishi wako uliisha viti vilipokunjwa, kaka yangu. Unaijua sheria kuliko mimi."

Sadoki aliijua. Aliketi kwenye kiti cha kutolea damu. Bi Siwema alitazama mlango, akatazama dirisha, kisha akaanza kuzungumza na sinki.

"Kama Mheshimiwa angekuwa hapa," aliliambia sinki, "ningemwambia asikate tamaa. Kipimo hiki kinasema virusi vipo, hakisemi ini limeharibika. Ningetaka damu ya mkononi, nijue wingi wa virusi na ini linafanyaje kazi, na apigwe picha ya tumbo. Wako wanaohitaji dawa, kidonge kimoja kila siku, wakaishi hadi kuzeeka. Wako ambao ni kufuatiliwa tu. Mbaya ni kukaa hivihivi. Na ningemwambia mke wake naye apimwe, na kama hana, achanjwe. Wembe wasichangie. Kula sahani moja hakuna neno."

"Lini angeweza kuja kutoa damu hiyo?" Sadoki aliuliza.

"Hata leo," lilijibiwa sinki. "Lakini mwenyewe."

Jumatatu Sadoki alisimama mbele ya tundu la ufunguo.

"Mheshimiwa, Ijumaa ulionekana na virusi vya homa ya ini."

Mlango ukafunguka, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Sadoki aajiriwe, na Mheshimiwa Shangwe akatokea mzimamzima, mwenye mashavu ya kung'aa, ameshika ubavu wa kushoto, upande usio na ini.

"Nilikuwa nikijisikia kuchoka," alisema Waziri kwa sauti ya kupotea. "Tangu Ijumaa hasa."

Jioni hiyohiyo alipakiwa ndege kwenda ng'ambo pamoja na madaktari, mpishi na watu wa kumbebea mito. Taifa likaombwa limwombee. Na kwa kuwa haikuwa adabu raia kuchezea vidole wakati Mheshimiwa yuko kitandani, Wizara ilisimamisha vipimo vyote vya homa ya ini nchini hadi atakapopona. Maabara zilifungwa, na zile za watu binafsi zikafungwa kwa mapenzi yao wenyewe, baada ya kutembelewa.

Nyumbani, Sadoki alimweleza mke wake kila kitu. Alidhani angelia. Tusekile aliweka chini kikombe, akaenda bafuni, akarudi na wembe uliokuwa kwenye kikopo chao.

"Huu wako peke yako," alisema. "Watoto walipata chanjo kliniki, hao Mungu aliwaona. Nimebaki mimi. Nimekaa na wewe miaka kumi na saba, Sadoki."

"Nisamehe."

"Sijakuambia hivyo ili nikusamehe. Nakuambia tuko wawili."

Maneno hayo yalimkata maini. Kufikia hapo alikuwa akiogopa kifo chake tu, nacho kilimtosha. Sasa kikaongezeka kingine, na hiki cha pili ndicho kilichomwamsha kila alfajiri. Aliamka, akasogea dirishani na kioo cha mkononi, akavuta ukope chini, akatazama kama weupe wa jicho umegeuka. Kisha alimsogelea mke wake aliyelala, akasubiri afumbue macho, amtazame na yeye. Akichoka, alisema ni ini. Asipochoka, alisema ugonjwa umejificha. Chakula kikawa hakipiti. Alisafiri hadi hospitali ya mji wa pili, akajieleza, akaomba kupimwa kwa jina lake. Karani alimtambua.

"Damu yako imeandikishwa kwa Mheshimiwa," karani alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mlevi njia. "Nikiipima tena kwa jina lako, nchi itakuwa na damu moja kwenye watu wawili. Huo ni uhujumu, mzee wangu. Nenda kapumzike."

Siku hazikuwa nyingi, redio ikapiga tarumbeta. Hospitali ya ng'ambo ilikuwa imempima Mheshimiwa Shangwe mara tatu, kwa mashine tatu, na haikuona kirusi hata kimoja. Madaktari wake wakatafsiri jambo hilo kwa taifa: Mheshimiwa amepona. Ugonjwa unaowala watu miaka na miaka yeye aliushinda chini ya wiki mbili, kwa uzalendo. Mbuzi walichinjwa. Mama Eufrasia alimwita Sadoki.

"Jumapili Mheshimiwa anatoa shukrani kanisani," alisema. "Uwe umenyoa."

"Mama, mimi naumwa."

"Ulikuwa unaumwa. Damu iliyokuwa na virusi ni ile ya uzinduzi. Damu hiyo imepona. Imethibitishwa ng'ambo."

"Lakini haikupimwa mwilini mwangu."

"Sadoki." Mama Eufrasia hakupandisha sauti. "Unataka kusema Mheshimiwa hakupona?"

Nasikitika kusema kwamba Sadoki alikwenda kanisani Jumapili, akapiga magoti mbele, akashukuru kwa niaba. Alishukuru vizuri mno kiasi kwamba kwa muda, pale kwenye mto wa kupigia magoti, aliamini. Alijisikia mwepesi. Ndipo alipogeuka akamwona Tusekile amekaa benchi la nyuma, uso umemkauka kwa hofu, na akajua kwamba mke wake alikuwa akitazama mazishi.

Njiani kurudi, Tusekile alisimama kwenye kona ya shule yake.

"Lililompata mwakilishi akiwa kazini limempata aliyemtuma," alisema. "Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Kesho tunakwenda wote kwa huyo mama yako."

Mama Eufrasia hakuwa mtu wa kupokea wake za maafisa wa daraja la pili, lakini Tusekile aliingia tu, kama mtu anayeingia darasani, akaketi. Sadoki alibaki amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, sheria siijui," Tusekile alianza. "Nina swali moja tu. Mume wangu alipata huu ugonjwa akiwa kazini au siyo kazini?"

"Mheshimiwa aliupata. Na amepona."

"Sawa. Na mume wangu akianza kuvimba tumbo, nani atakuwa anavimba?"

Mama Eufrasia akatabasamu kidogo. "Kisheria, tuseme, Mheshimiwa. Lakini havimbi, kwa hiyo..."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nini?"

"Macho yakigeuka manjano. Watu wakimwona. Na baada ya hapo?" Tusekile alisubiri kama anavyowasubiri watoto wake, bila haraka. "Akifa, Mama. Sadoki wangu akifa kwa ugonjwa alioupata akiwa kazini, nani amekufa?"

Tabasamu likaondoka usoni mwa Mama Eufrasia, likaenda zake. Aliinuka, akaufunga mlango, akasimama nao mgongoni. Kwa sheria ya Mwakani, Waziri aliyekufa hawezi kuwa Waziri. Hawezi kuwa hata mstaafu. Nyumba yake hugawiwa, jina lake hupewa barabara, na Katibu wake Mkuu huhamishiwa mahali pasipo na barabara.

"Mwalimu," alisema polepole, "unajua unachokisema?"

"Nauliza tu."

"Watu wanaouliza hivyo wamewahi kupotea."

"Najua," alisema Tusekile, na sasa Sadoki aliona kwamba mikono ya mke wake, aliyoificha chini ya mkoba, ilikuwa ikitetemeka vibaya. "Lakini akipotea akiwa kazini, Mama, si atakuwa amepotea Mheshimiwa?"

Feni ilizunguka. Sadoki alimwogopa yule mama, akaogopa zaidi kwa ajili ya yule mwalimu.

"Nendeni nyumbani," alisema Mama Eufrasia hatimaye. "Msizungumze na mtu."

Walikaa nyumbani wakisikiliza kila gari lililopunguza mwendo. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Gari lilipokuja kweli, lilileta tarishi aliyekuja kuchukua suti mbili, na habari kamili wakaisikia redioni mchana ule. Wizara ilisikitika kuutangazia umma kwamba mtu aitwaye Sadoki Mbwilo aliachishwa kazi siku moja kabla ya uzinduzi wa Wiki ya Ini, ila kwa ucheleweshaji mdogo hakuwa ameambiwa. Kwa hiyo siku ile hakumwakilisha mtu. Kwa hiyo Mheshimiwa hakuhudhuria. Kwa hiyo uzinduzi haukufanyika, na kwa kuwa Wiki ya Ini haikuzinduliwa, haikuwezekana kuisimamisha, na maabara zilizodhani zimefungwa zilikuwa zimekosea. Mheshimiwa Shangwe alipongezwa kwa kupona ugonjwa ambao hakuwahi kuugua, jambo ambalo, msomaji atakubali, ni gumu kuliko kupona ule alionao.

Tusekile aliizima redio, akaangua kicheko, kisha kilio, vyote kwa pamoja.

"Ni wako," alisema. "Sadoki, ugonjwa ni wako. Unaweza kutibiwa."

Sadoki aliitikia kwa kichwa, lakini hakucheka. Amepoteza kazi, na hilo halikumuuma. Lililomshika ni jambo jingine, na ingawa ni aibu, nalisema. Wakati wote ule, hata alipokuwa akihangaika na kioo dirishani, kulikuwa na pembe moja ndogo moyoni mwake ambamo ugonjwa ulikuwa wa Waziri. Alijificha humo akiomba watu wamtoe. Sasa wamemtoa, pembe hakuna. Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na ni lake, na hakuna duniani mtu wa kumripotia kwamba jana aliogopa sana. Aliogopa kuliko siku ya mistari miwili. Alisema wasubiri wiki moja, atulie kwanza. Tusekile alimletea viatu.

Maabara ya Hospitali ya Itifaki ilikuwa na watu wachache waliokuja kwa kunyata. Bi Siwema aliwaona, akasafisha miwani, akawafungulia mlango.

"Nianze na mama," alisema. "Kipimo cha haraka."

Tusekile aliketi, akanyoosha kidole. Na hapo Sadoki akafanya jambo ambalo mikono yake ilikuwa imelizoea kwa miaka yote ya utumishi. Aliingiza kidole chake mbele ya kile cha mke wake.

"Toboa changu," alisema.

"Kaka..."

"Toboa changu, dada. Mimi tayari. Yeye mwache. Naja kwa niaba yake."

Hakuwa akitania, na Bi Siwema aliona hivyo, kwa sababu machozi yalikuwa yakimtiririka. Tusekile alikishika kile kidole, akakikunja pamoja na vingine, akakirudisha mapajani kwa mumewe.

"Hiki huwezi kunifanyia," alisema kwa upole. "Kaa hapo unisubiri."

Alitobolewa. Alisema ai. Tone likadondoshwa, na wakakaa kwenye benchi bega kwa bega, bila ngoma. Mstari wa kwanza ulikuja. Sadoki alikodoa macho pale pa mstari wa pili mpaka pakaanza kucheza, mara akauona, mara asiuone. Aliomba bila maneno. Bi Siwema alisubiri hadi muda ukatimia kabisa, akakiinua kibao kwenye mwanga, akakigeuza, akakiinua tena.

"Mmoja," alisema. "Huna, mama. Leo unaanza chanjo."

Tusekile aliinamisha kichwa begani kwa mumewe, akakaa hivyo kidogo. Kisha akajiweka sawa. Bi Siwema alikuwa ameshatandika kitambaa safi kwenye meza, ameweka mpira wa kufungia mkono, na sindano, na vichupa vya damu ile ambayo ingeeleza virusi ni vingi kiasi gani, na ini limebaki kiasi gani.

"Anayefuata," alisema.

Sadoki aligeuka nyuma, kwa mazoea, kumtazama aliyemtuma. Nyuma kulikuwa na ukuta. Akasimama, akaanza kukunja mkono wa shati.